Chanjo si za watoto peke yao, hasa kama una sukari, presha au pumu

Kila msimu wa hija ukikaribia hapa Lamu utaona watu wazima, wengine wazee kabisa wenye bakora mkononi, wanaenda kudungwa sindano ya homa ya uti wa mgongo bila maneno. Hakuna anayeuliza ndani yake mna nini, hakuna anayesema chanjo ni za watoto, manake Saudia hawakupokei bila ile kadi, na lazima uwe umedungwa angalau siku 10 kabla hujafika kule. Na wana sababu, mwaka 2000 ugonjwa ule ulizuka kwa mahujaji ukasambaa nao waliporudi makwao, ukafika mpaka Ulaya na watu wakafa, ndio masharti yakakazwa. Haya sasa, mzee huyohuyo akisharudi na uhaji wake, ana sukari ya miaka mingi, ana presha, kifua kinambana kusi likianza kuvuma, wewe mwambie ami twende ukachanjwe flu na nimonia uone atakavyokujibu. Wangu mimi aliniambia, "Mwanangu, hayo ni mambo ya wana wadogo, mimi nna dawa zangu nameza."

Hilo jibu nalisikia kila nyumba na linaniuma kwa kweli, manake dawa za sukari zinashusha sukari, hazizuii nimonia. Ni vitu viwili tofauti na mtu anahitaji vyote viwili.

Nina kitabu cha kliniki cha mama hapa mbele yangu naandika. Nimekipekua ukurasa kwa ukurasa, presha imeandikwa, sukari imeandikwa, uzito, dawa alizopewa, tarehe ya kurudi, lakini mahali pa chanjo hamna. Mtoto akizaliwa anapewa kitabu kina mistari ya chanjo zote mpaka akue, mtu mzima mwenye ugonjwa wa kudumu hana hata mstari mmoja. Manesi siwalaumu, ile foleni ya siku ya kliniki naijua, watu wamejaa toka alfajiri na nesi ni mmoja anakimbizana na mashine ya presha. Ndio maana nasema sisi wenyewe tuulize, tusingoje kuulizwa.

Kwa nini watu wa sukari hasa? Sukari ikikaa juu muda mrefu zile chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo zinazopigana na vijidudu, zinafanya kazi kwa uvivu. Kwa hiyo ugonjwa unaingia kwa urahisi na ukishaingia unakaa. Halafu kuna upande wa pili ambao watu wengi hawaujui, ukipata homa kali mwili unatoa homoni zinazopandisha sukari, na wewe huku huli, hunywi maji, unatapika dawa, basi mafua ambayo kijana angeyalalia siku tatu akainuka, wewe yanakulaza hospitali. Wenye moyo nao hivyohivyo, kuna utafiti wa Canada uliotoka 2018 ulionyesha kwamba katika wiki moja baada ya mtu kuthibitishwa ana flu, hatari ya shambulio la moyo inapanda kama mara 6. Mara sita! Mtu wa pumu sina haja ya kumweleza, kifua chake kinajua. Wenye siko seli, na huku pwani wako wengi hasa upande wa Kilifi, wengu lao huharibika mapema toka utotoni na wengu ndilo linalochuja vijidudu vya nimonia na vya uti wa mgongo, kwa hiyo kwao hizi chanjo ni lazima hata wakiwa watu wazima. Na walio kwenye dialisisi, yaani wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, waulize chanjo ya hepataitisi B, ugonjwa wa ini, manake damu yao inapita kwenye mashine mara kwa mara.

Hiyo hepataitisi B niiseme kidogo. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo yake mwishoni mwa 2001, kwa hiyo kama ulizaliwa kabla ya hapo uwezekano mkubwa hukuipata kabisa. Ni sindano tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, na unapimwa kwanza. Na nyie mnaopimana sukari nyumbani jirani kwa jirani, tafadhali ile sindano ndogo ya kutoboa kidole msishirikiane, kila mtu na yake na ikitumika inatupwa. Nimeona watu wanaipangusa kwa kitambaa wanampa mwingine, hapana jamani, damu ndogo tu ambayo hata huioni inatosha kumpa mtu ini bovu.

Lakini ambayo inanitia wasiwasi zaidi hapa kwetu ni pepopunda. Vijidudu vyake vinaishi kwenye mchanga na kwenye mavi ya wanyama, na sisi mji wetu mzima tunapishana na punda kwenye vichochoro, mavi yapo kila kona na tunatembea na kandambili. Sasa mchukue mtu wa sukari ambaye miguu yake imekufa ganzi. Mama yangu namkagua miguu jioni kwa tochi ya simu, katikati ya vidole na kisigino, na siku moja nikakuta kipande cha chupa kimezama kwenye kisigino, ngozi imeshaanza kufunga juu yake, yeye hana habari. Ameswali nacho, ameenda sokoni nacho amerudi. Nilipokitoa akaniuliza ni nini hicho. Kidonda kama hicho, kirefu, kimejifunga, hakina hewa ndani, ndicho pepopunda inachokitaka. Na pepopunda ikishashika misuli taya linafunga, mgongo unapinda, matibabu yake ni wiki nyingi hospitalini na wengi hawatoki.

Wanawake angalau wengi walidungwa walipokuwa kliniki za wajawazito. Wanaume ndio shida, wengi mara ya mwisho walikuwa watoto na wengine hawajawahi kabisa. Ukishamaliza zile za mwanzo unatakiwa uongezewe kila baada ya miaka 10, na ukipata kidonda kichafu na imeshapita miaka 5 unadungwa tena. Mvuvi, fundi wa majahazi, mwenye punda, na una sukari juu yake, hii usiilaze.

Sasa kuna watu watasema mbona tukiugua tutatibiwa. Sawa, ukiwa Langoni au Mkomani hapa mjini utafika hospitali ya King Fahd kwa miguu au utabebwa. Mtu wa Pate je, kifua kimembana usiku, maji yamekupwa, ule mlango wa bahari wa Mkanda boti haipiti mpaka maji yajae? Mtu wa Kizingitini? Hata ukifika mjini, ukiandikiwa rufaa ya Malindi au Mombasa ni boti mpaka Mokowe upande wa bara halafu barabara ndefu. Mtu anayehangaika kuvuta pumzi saa ni nyingi sana hizo. Kwetu sisi watu wa visiwani kuzuia ni muhimu kuliko mtu anayekaa karibu na hospitali kubwa.

Flu inadungwa kila mwaka kwa sababu kirusi kinajibadilisha, shirika la afya duniani WHO huchagua aina za kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba. Kinga inachukua kama wiki mbili kujengeka. Mimi ningependa wazee wetu wadungwe kabla ya Maulidi ya mfungo sita, manake pale msikiti wa Riyadha tunakusanyika watu wa kila upande, tunakaa bega kwa bega mpaka usiku, mmoja akikohoa safu nzima inapata. Ya nimonia si ya kila mwaka, ni moja au mbili kutegemea na aina utakayopewa na umri wako, daktari ataangalia.

Na hii ya nimonia inafanya kazi, ushahidi uko hapa hapa pwani. Watoto wa Kenya walianza kupewa 2011, na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi wakafuatilia miaka, ugonjwa mkali wa zile aina zilizo kwenye chanjo ukashuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Na hata kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa ulipungua, kwa sababu mtoto ndiye anayebeba vile vijidudu puani akaja kumpa babu. Kwa hiyo sisi wakubwa tayari tunakingwa na chanjo za wajukuu wetu, ila kuna aina nyingine ambazo ile ya watoto haizigusi, na mwili wenye sukari hauna nguvu ya kuzikabili.

Hofu nyingine nazielewa. Mtu anasema nikidungwa flu ntapata flu. Ile ya sindano imetengenezwa na kirusi kilichokufa au vipande vyake tu, haiwezi kukupa ugonjwa, mkono utauma na unaweza kupata kihoma cha siku moja mbili, pima sukari mara nyingi kidogo siku hizo basi. Sindano za flu, nimonia, hepataitisi B na pepopunda zote si chanjo hai, yaani hazina kijidudu kilicho hai ndani yake. Chanjo hai kama ya homa ya manjano ndiyo inataka tahadhari, kama unatumia steroidi kwa muda mrefu, au una ukimwi na kinga imeshuka, au uko kwenye dawa za saratani, mwambie daktari kabla. Unayemeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi mwambie nesi pia, utabonyeza pamba muda mrefu zaidi.

Tatizo la kweli ni pesa na kupatikana. Za bure kwenye dispensari zetu nyingi ni za watoto na wajawazito, flu na nimonia ya watu wazima mara nyingi unanunua, na familia nyingi haziwezi kwa mkupuo. Hapa ndipo viongozi wetu wa kaunti wangesaidia, mashua za kupeleka chanjo za watoto visiwani zinakwenda tayari, zikibeba na kisanduku cha wenye sukari na pumu safari ni ileile. Nyumba nyingine nimeona watoto wanamchangia mzee mmoja mmoja, mwaka huu baba, baadaye mama, na hivyo pia ni sawa, anzeni na aliye dhaifu zaidi.

Na nyie wa Faza, Siyu na Kizingitini, msipande boti kabla ya kupiga simu. Chanjo inakaa kwenye friji, hospitali au famasi nyingine haiweki mpaka iagizwe, kwa hiyo uliza ipo, uliza ni aina gani, uliza siku, halafu njoo na kitabu chako cha kliniki na majina ya dawa zote unazomeza ili umalize kila kitu safari moja.