Siku moja kwenye vanila, msimu wa maua

Saa 12:00 asubuhi, kibanjani, Kagera. Chai ya rangi, vijiti vya meno mfukoni, twende. Vanila ni okidi, na ua lake hufunguka alfajiri. Ikifika saa 7 mchana limeshasinyaa. Likikupita, limekupita.

Saa 12:30. Vanila asili yake Meksiko, na wadudu wake wa kuichavusha hawakuja nayo, kwa hiyo kila ua linasubiri mkono wa mtu. Unalishika kwa mkono wa kushoto, unauchana mdomo wake kwa kijiti mpaka ndani kuonekane. Pana kiutando kinachotenga chavua na sehemu ya kike. Kiinue kwa ncha ya kijiti, sukuma chavua kwa kidole gumba mpaka inate, kisha toa kijiti polepole. Mbinu hii aliionyesha Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841. Hatujapata bora zaidi.

Saa 2 mpaka saa 5 ndipo shingo na kiuno hulipa. Kishada hakifungui maua yote pamoja. Leo moja, kesho mawili, kwa hiyo mmea uleule unaurudia kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Na si kila ua la kuchavusha! Maua 8 hadi 10 kwa kishada yanatosha, hasa yaliyoelekea chini ili maganda yaning'inie yamenyooka. Ukiwa na tamaa, maganda yanakuwa mafupi, mmea unachoka, na uliochoka ndio kuoza mizizi huumaliza. Mvua ikinyesha chavua inalowa na kazi inasimama, maua yanaendelea kuzeeka.

Dalali naye huchagua saa hizohizo.

“Shikamoo mama. Vanila hizi za chini si zimeshajaa?”

“Marahaba. Zimejaa, hazijakomaa, mwanangu.”

“Wezi watakuwahi, mama.”

Hapo ndipo anapowapata wengi. Ganda hufikia urefu wake wote ndani ya wiki 6 hivi, lakini hukomaa baada ya miezi 9, ncha inapoanza kuwa ya manjano. Likikatwa na miezi 6 harufu haijajengeka, na kwenye kukausha linaota ukungu. Analipa kwa kilo mbichi leo; mwakani eneo zima linaambiwa vanila yake ni duni. Anaeleweshwa, anacheka, anauliza tena bei. Maua manne yamesinyaa huku anaongea.

Mchana ni kukagua ya jana. Ua lililokataa hudondoka ukiligusa. Lililoshika hukauka likabaki limeng'ang'ania kwenye ncha ya ganda changa.

Baadaye matandazo, bila jembe, maana mizizi inatambaa juujuu. Marando yaliyopita kifua yanakunjwa kurudi chini. Yakiachwa yapande mti, msimu ujao utachavusha ukiwa juu ya ngazi. Saa 2 usiku, zamu ya kulinda.