Dirii za sponji zilivyopata kutu

Igizo la Ijumaa Kuu mtaani kwetu Moshi haliwezi kukosa askari wa Kirumi, na kwa muda mrefu askari hao walivaa maboksi yaliyopakwa silva. Safari hii vijana wa kwaya walinitwisha mimi kazi ya dirii, yaani vazi la chuma la kifuani, na chapeo, eti kwa kuwa ndiye mchora mabango. Mwalimu wa igizo alitoa sharti moja: zionekane zimetembea na watu.

Vifua tulivikata kwenye mikeka ya mazoezi, ile ya sponji ngumu, na chapeo zikatokana na helmeti za bodaboda zilizotupwa kwa fundi pikipiki. Kuunganisha ni gundi ya viatu tu: paka pande zote mbili, subiri hadi isinate tena kwenye kidole, ndipo ubandike. Ukibandika ingali mbichi, inaachia.

Sponji hunywa rangi, kwa hiyo lazima kwanza ifungwe vitundu. Niliazima bloa la fundi simu, nikapitisha hewa ya moto taratibu hadi uso wa sponji ukakaza na kung'aa kidogo. Baadaye nikapaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, koti juu ya koti, kila moja likauke kwanza. Hapo masika yalitutesa, maana Pasaka huangukia mvua na gundi ya maji hukawia sana kukauka hewani kukiwa na unyevu. Tulizitundika jikoni, mbali na moto. Hata rangi ya kopo sikuipuliza asubuhi, kwa sababu unyevu ukizidi rangi hufanya ukungu mweupe. Nilisubiri jua la mchana litoke, nikapulizia nje. Na kama una staifomu za kwenye boksi la televisheni, usizipulizie rangi yenye thina moja kwa moja. Zitayeyuka mbele ya macho yako.

Kazi yenyewe ilianza pale nilipoacha kuwaza rangi nikaenda kutazama chuma. Nilishika panga la mama: makali yake meupe, bapa lake jeusi, na kutu imejikusanya pale bamba linapoingia kwenye mpini, kwa sababu maji hukaa hapo. Nikatazama mlango wa lori kwenye gereji. Rangi ilikuwa imeisha mahali ambapo mkono wa dereva hushika kila siku, na kwingine bado nzima. Fundi mmoja wa bodi, mzee wa makamo, aliniona nikipiga picha mabati machakavu akacheka. "Mangi, kutu haianzii katikati ya bati. Inaanzia pale msumari ulipopita." Sentensi hiyo ilinisaidia kuliko video zote nilizoangalia. Tangu hapo kila doa nililoliweka nililiuliza: wewe umetokana na nini?

Rangi ya kwanza ilikuwa nyeusi isiyong'aa, kila mahali, hadi ndani ya mikunjo. Silva ilikuja baadaye na kidogo sana. Unachovya ncha ya brashi, unaifuta kwenye kitambaa mpaka udhani imeisha, halafu unaipitisha juu juu kwenye kingo na miinuko. Mabondeni inabaki nyeusi, na hapo ndipo jicho linapoamini kuna uzito. Watu wengi huanza na silva kisha wanachafua juu yake, na kwa maoni yangu ndiyo maana dirii zao zinabaki na sura ya sufuria jipya. Kwenye kingo kabisa nilisugua unga wa risasi ya penseli laini kwa kidole. Hutoa mng'ao wa kijivu wa chuma ambao silva ya kopo haiupati, na bei yake ni ya penseli. Ila huchafua kanzu, kwa hiyo lazima vanishi ipite juu.

Chapeo nilizipiga msasa kwanza ili plastiki ishike rangi, kisha nikatumia chumvi ya mezani. Nilipaka rangi ya kahawia ya kutu, nikaiacha ikauke, nikalowesha kidogo sehemu za ukingoni na kunyunyiza chumvi hapo. Ilipokauka nikapuliza silva juu. Baada ya hapo unaisugua chumvi kwa brashi ngumu, inadondoka na kuacha madoa ya kutu yenye kingo zisizo sawa, jinsi rangi inavyobanduka kweli. Kwa mkono huwezi kuchora hivyo. Mkono hupenda mpangilio.

Tulibishana na mwalimu wa igizo, aliyetaka kutu iwe nyingi. Mimi nilisema askari wa zamu anayekaguliwa na akida wake hawezi kuachia dirii ioze. Ataisugua na kuipaka mafuta. Atakachokuwa nacho ni mikwaruzo, mibonyeo na vumbi. Tulikubaliana kutu ikae kwenye viungo tu, chini ya pini tulizozifanya ripiti, zile pini za kuunganishia mabati, na ukingo wa chini wa kifua ambako maji yangetiririka. Vipande vya rangi ya shaba havikupata kutu hata kidogo, kwa sababu kutu ni ya chuma. Shaba hufanya kijani, basi nikapaka kijani chenye weupe kuzunguka ripiti, kidogo kidogo, na kufuta kwa kitambaa kibichi.

Vanishi isiyong'aa ilinipa shida moja: inaua mng'ao wa silva pamoja na wa plastiki. Ikabidi kingo zirudiwe kwa brashi kavu baada ya vanishi kukauka. Pia rangi zote nilizikoleza zaidi ya nilivyotaka nilipokuwa mezani, kwa kuwa watu watazitazama wakiwa ng'ambo ya barabara, jua likiwa utosini.

Baada ya maandamano ya igizo, rangi ilikuwa imepasuka kwenye makwapa ambako sponji hujikunja. Chini ya nyufa inaonekana ile nyeusi ya kwanza, na sikuzirekebisha. Sasa dirii zimening'inizwa kwenye misumari katika stoo ya kanisa, kila moja peke yake. Ukizirundika wakati wa joto rangi hushikana na kubanduka mahali ambapo hukupanga.