Nilikwenda Stockholm kusomea ugonjwa wa kwetu

Nimerudi Mwanza, na kila ninayekutana naye anataka kujua nilikuwa nasomea nini huko Sweden miaka yote hiyo. Nikijibu "virusi, kinga na saratani", wanaitikia kwa adabu kisha wanabadili mazungumzo. Nikisema "ule uvimbe wa taya wa watoto", kila mtu ana mtoto wa jirani wa kunisimulia.

Ndiyo, uvimbe huo ni saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, na ni ugonjwa wa ukanda wetu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala, na baadaye ikaonekana unafuata maeneo yaleyale yenye malaria ya mwaka mzima. Desemba 1963 kipande cha uvimbe kilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London. Ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester, na kilipofika, maji yake yalishakuwa na ukungu pia. Mimi ningeyamwaga, nikidhani ni bakteria. Mtafiti Anthony Epstein aliyaweka kwenye darubini, akakuta si bakteria bali seli za saratani zinaelea, zingali hai. Humo ndimo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walimokiona kirusi walichokitangaza mwaka 1964.

Stockholm nilifanya kazi na seli ziitwazo Daudi, zilizooteshwa kutoka uvimbe wa kijana wa Kenya wa miaka 16 mwaka 1967. Unazitoa kwenye tangi la naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, unaziyeyusha upesi kwenye maji ya vuguvugu, unazitia chakula chake chekundu. Kikigeuka njano, zimekula na zinataka kingine. Seli hizi zina kasoro moja: hazionyeshi kitambulisho chake kwa nje, hivyo askari wa kinga waitwao seli T huzipita tu. Kasoro hiyo imewafundisha watafiti wa kinga mambo mengi.

Kirusi chenyewe, Epstein-Barr, karibu sote tunacho. Tulikipata utotoni kwa mate, kikajificha ndani ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, na wengi wetu tutazeeka nacho bila shida. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayoharibu mambo. Inazichochea seli B zizaliane kwa fujo, na kimeng'enya kinachokata DNA ili kuboresha kingamwili hukosea pa kukata. Jeni iitwayo MYC, inayohimiza seli kugawanyika, inatoka kromosomu ya 8 inahamia ya 14, na seli hiyo haijui tena kuacha kugawanyika. Huku nyuma, seli T zilizokuwa zikikidhibiti kirusi zimeshachoka.

Nilimweleza hayo shangazi yangu wa Rorya, akacheka. "Kumbe ndiyo maana ya vile vidonge vichungu!" Kuanzia 1977 hadi 1982, watoto wa Mara Kaskazini, Rorya ikiwemo, waligawiwa klorokwini, dawa ya malaria, ili ionekane kama malaria ikipungua, uvimbe nao utapungua. Malaria ilishuka, kisha ikapanda tena dawa ilipoanza kushindwa. Uvimbe ulipungua, ila ulikuwa umeshaanza kupungua kabla ya vidonge, kwa hiyo jibu likabaki na utata. Shangazi anasema yeye na wenzake walikuwa wanatemea migombani. Hilo silikumbuki kwenye jedwali la makala yoyote.

Huko Sweden nilikotoka, takriban watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na kwa kuwa seli zake zinagawanyika kwa kasi hiyo, dawa huzipata sawasawa. Tatizo ni siku zinazopotea. Mtoto wa kwanza niliyemwona wodini alikuwa na shavu la kushoto limejaa, magego yanacheza. Mama yake alishampeleka kung'oa jino, halafu la pili, halafu akaambiwa asubiri majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa. Akasubiri.

Kwa hiyo kazi yangu sasa haina tangi la naitrojeni. Ni sindano nyembamba ya kuvuta seli kwenye uvimbe, slaidi, rangi na darubini: seli za bluu iliyokolea zenye vitundu vyeupe, mtaalamu anaweza kuzishuku siku hiyohiyo. Nazunguka kwa matabibu wa meno wa wilayani kuwaomba kitu kimoja: mtoto mwenye meno yanayolegea bila kuoza na taya lililovimba asing'olewe, aandikiwe rufaa leo. Mmoja wa Bunda amenipigia juzi kuuliza slaidi ipakwe nyembamba kiasi gani. Nimemwambia nitakwenda Alhamisi, tupake pamoja.