Kwa Nini Malaika Hakwenda kwa Yakobo

Jumamosi jioni binti yangu alikuwa mezani akijiandaa kwa Shule ya Jumapili. Wamefika Matendo ya Mitume sura ya 12, na kazi waliyopewa ni kuchora Petro akitoka gerezani. Minyororo miwili alishaichora, askari waliolala alishawachora, akawa anampaka malaika rangi ya manjano. Mara penseli ikasimama. Akarudi mwanzo wa sura, pale Mfalme Herode anapomwua Yakobo, akasoma kimya, kisha akanitazama.

"Mama, kama malaika aliweza kumtoa Petro, kwa nini hakwenda kwanza kwa Yakobo?"

Nilikuwa nakunja nguo. Gauni moja nililikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nikamwambia amalizie kwanza rangi.

Swali hilo nimekaa nalo miaka tisa, na aliyelileta kwangu ni yeye mwenyewe, alipokuwa na kilo 1 na gramu 300.

Habari za wodi ya njiti nilishazisimulia: wiki ya 30, uchungu wa ghafla, kuamka na kukuta tumbo limelala na mtoto hayupo pembeni. Hayo nayapita. Ambaye sijawahi kumsimulia ni dada wa kitanda cha dirishani.

Alinitangulia siku mbili. Mtoto wake alikuwa mzito kuliko wangu, kilo 1 na gramu 600, na alikuwa na sauti. Akilia, wodi nzima tulijua ni wa dirishani. Dada huyu ndiye aliyenifundisha kulisha kwa mrija. Njiti hajui bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, kwa hiyo anawekewa mrija mwembamba unaopita puani hadi tumboni. Unachukua bomba la sindano, unalitoa kisukumio chake, unaliunganisha na mrija, unamimina maziwa uliyokamua, halafu unalishika juu yashuke yenyewe. Ukiliinua sana yanakwenda mbio, mtoto anatapika. Ukilishusha sana hayaendi. Mkono ukitikisika, maziwa nayo yanatikisika.

Baada ya mlo wa saa tisa usiku tulikuwa tunasali pamoja, mimi na yeye, kwa kunong'ona. Tulisoma Zaburi ya 121, na mstari wa nne tuliupenda kuliko yote: "Naam, hatasinzia wala hatalala usingizi, Yeye aliye mlinzi wa Israeli." Tuliupenda kwa sababu sisi tulikuwa tunasinzia tumeketi. Kisha mmoja wetu alisema, "Bwana, walinde wote wawili," na mwingine akaitikia amina. Maombi yalikuwa mamoja. Sikuwa na yangu wala yeye hakuwa na yake.

Usiku wa kumi na moja mashine ya mtoto wake ikaanza kulia. Mwanzoni hatukushtuka. Njiti husahau kupumua, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi haijakomaa. Muuguzi humgusa unyayo kwa kidole, mtoto anashtuka, pumzi inarudi. Wangu aliguswa hivyo mara nyingi. Usiku ule muuguzi aligusa unyayo, akagusa tena, kisha akaita daktari. Pazia likavutwa. Chini ya pazia niliona viatu vya watu wanne, na kando yake miguu ya dada, haina viatu, haisogei.

Nilimkumbatia wangu kifuani, ngozi kwa ngozi. Nikasali. Na haya ndiyo sijawahi kumwambia mtu: sikusema "walinde wote wawili." Nilisema, "Bwana, asiwe huyu."

Hakuwa huyu.

Asubuhi, saa kumi na mbili, ulikuwa muda wa mlo. Nilimimina mililita nane, nikainua bomba, mkono ukakataa kutulia. Ule mstari mweupe wa maziwa ulikuwa unapanda na kushuka ndani ya bomba, nami siwezi kuuzuia. Nikaona mkono mwingine umelishika bomba kutoka juu. Alikuwa yeye. Alishafunga mizigo yake. Kitenge cha mtoto kilikuwa kimekunjwa vizuri, kipo begani.

"Shusha kidogo, dada," alisema. "Yanakwenda haraka."

Nikaliachia. Akalishika yeye. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Tuliyaangalia maziwa yakishuka: yanafika alama ya sita, yanasimama mtoto anapokaza tumbo, yanaendelea, alama ya nne, yanasimama tena. Hakuharakisha hata mara moja. Nilikuwa nautazama mkono ule kwa sababu uso wake sikuthubutu kuutazama. Kucha zake zilikuwa fupi, amezikata mwenyewe ili asimkwaruze mtoto.

Mama mmoja wa upande wa pili alimwambia kwa upole, kama tunavyoambiana wote, "Pole mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Najua, mama," alijibu, macho yake yakiwa kwenye bomba. "Haina. Lakini leo siioni."

Maziwa yalipokwisha aliufunga mrija, akamgusa binti yangu kichwani kwa kidole kimoja. Kisha akaniambia, "Zaburi yetu usiiache. Ni ya kweli hata leo." Akaondoka. Sikuweza kuitikia amina. Sikuweza hata kusema pole.

Miezi mitano baadaye nilisimama kanisani kutoa ushuhuda, mtoto mikononi, mashavu yamejaa. Nikasema Mungu alisikia maombi. Watu walipiga makofi na vigelegele, nami nilimaanisha kila neno, na leo bado nalimaanisha. Ila nilipoketi nikasikia baridi. Kama alisikia maombi yetu, basi aliyasikia yale yale kwa wote wawili.

Tangu hapo sura ya 12 ya Matendo naisoma polepole. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, ana mengi ya kusema juu ya Petro: vikosi vinne vya askari wanne wanne, minyororo miwili, lango la chuma lililofunguka lenyewe, Roda aliyesahau kufungua mlango kwa furaha. Yakobo amepewa mstari mmoja tu: "Akamwua Yakobo, ndugu wa Yohana, kwa upanga." Yakobo huyu ni yule aliyeingizwa chumbani mwa binti Yairo akamwona mtoto aliyekufa anasimama. Alijua kwa macho yake Bwana anaweza nini. Ni yeye pia aliyeulizwa pamoja na ndugu yake kama wanaweza kukinywea kikombe cha mateso ya Bwana, wakajibu kwamba wanaweza. Luka ameandika kwamba kanisa lilimwombea Petro kwa juhudi. Juu ya Yakobo hakuandika, lakini siamini kwamba hawakumwombea.

Zamani enzi ya Mungu niliiona kwenye lango la chuma. Kwamba ndiye Mfalme pia juu ya ule mstari mmoja, hilo nimelisadiki kwa sababu ya mkono wa dada kuliko kwa sababu ya mwanangu kupona. Nikitaka kueleza inakuwaje, maneno yananiishia. Nimebaki na maneno ya Bwana mwenyewe kule Gethsemane, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe," nami huyasema nikijua kwamba niliwahi kusali kinyume chake, na nikapewa.

Nguo zilikwisha. Nikavuta kiti, nikaketi kando ya binti yangu. Nikamwambia sijui kwa nini malaika hakwenda kwa Yakobo. Nikamwambia pia, kwa mara ya kwanza, kwamba alipozaliwa palikuwa na mtoto mwingine dirishani, mwenye sauti kubwa kuliko yake.

Alinyamaza muda mrefu akizungusha penseli. Akasoma tena ule mstari wa pili, kidole chake kikisimama kwenye neno "ndugu."

"Yohana ndiye ndugu yake?"

"Ndiye."

"Kwa hiyo Petro alipotoka gerezani, akakutana na Yohana... alimwambia nini?"

Nilitazama ukurasa kana kwamba Luka ameandika mahali fulani nami nikapitiwa. Kisha nikachukua ile penseli ya manjano, nikaanza kumsaidia upande wa pili wa bawa.