Tufanye Nini Basi? Tafakari ya Juma la Tatu la Majilio

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wanajumuiya.

Yohane Mbatizaji alipohubiri kando ya Yordani, watu walimwuliza swali ambalo kila mhubiri angetamani kuulizwa: "Tufanye nini basi?" (Lk 3:10). Huenda walitarajia awaambie wabaki naye jangwani, wavae singa za ngamia na kula nzige. Yeye akawarudisha majumbani mwao. "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu, na mwenye vyakula na afanye vivyo hivyo." Alianza na kabati na sufuria.

Nimekaa na maneno hayo nikiwaza Krismasi yetu hapa Kisumu, hasa kile kinachobaki uani asubuhi ya tarehe 26. Tunakijua sote. Sahani za kutupa zilizogandiana mafuta ya pilau, vikombe, vijiko vya plastiki vilivyokatika, chupa za maji, karatasi za zawadi zinazometameta, baluni zilizopasuka. Gari la taka halifiki kila mtaa, kwa hiyo rundo lile huchomwa nyuma ya nyumba au husukumwa mtaroni. Anayechoma huona amefanya usafi, ilhali moshi wa plastiki una sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto walewale tuliowanunulia nguo mpya. Kinachoingia mtaroni nacho hakikai hapo. Mvua moja kubwa inatosha kukifikisha mto Auji, kipite mtaa wa Nyalenda, kishuke hadi kwenye mafunjo ya Dunga, ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Tuyatazame mafunjo hayo kwa makini. Kambare na kamongo huzaliana ndani yake. Gonoleki, ndege mwenye kifua chekundu, anaishi humo na hawezi kuhamia kwenye miti ya mjini, kwa kuwa makao yake ni mafunjo tu. Mashina yenyewe huchuja uchafu kabla maji hayajafika ziwani. Chupa ikinasa kwenye mizizi haiozi. Mvuvi anayetupa wavu alfajiri ndiye anayeivuta, na mara nyingi yeye hakualikwa kwenye karamu iliyoitupa.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato si', alitufundisha kusikia kilio cha dunia na kilio cha maskini kwa pamoja. Hapa Kisumu hatuhitaji maelezo marefu kuelewa hilo, ukishuka hadi Dunga utaona vyote viwili mahali pamoja. Na katika waraka huohuo hakuona haya kutaja mambo madogo ya nyumbani: kupunguza plastiki, kutenganisha taka, kupika kiasi kitakacholiwa. Wapo wanaodhani hayo si mambo ya kiroho. Mimi naamini ni ya kiroho kabisa, kwa sababu Neno aliyefanyika mwili, ambaye vyote vilifanyika kwa yeye (Yn 1:3), alilazwa kwenye hori ya kulia ng'ombe. Muumba alipokuja kwetu, vitu alivyoviumba ndivyo vilivyompokea: mti na nyasi.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi alilishika jambo hilo. Krismasi ya mwaka 1223, pale Greccio nchini Italia, aliomba iandaliwe hori yenye nyasi, waletwe ng'ombe na punda walio hai, na Misa ikaadhimishwa hapo. Desturi yetu ya kutengeneza pango imekua kutokana na usiku ule. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Fransisko kuwa msimamizi wa wanaotunza mazingira. Sasa angalieni mapango tunayonunua dukani, ya plastiki toka juu mpaka chini, na theluji ya kunyunyiza juu yake! Watoto wetu wanaweza kutengeneza la kwao kwa magome ya mgomba, udongo wa mfinyanzi na mafunjo makavu. Akina mama wa Dunga husuka vikapu na mikeka kwa mafunjo, na hata kwa gugumaji, lile gugu lililotokea Amerika ya Kusini na kutufungia ziwa. Kikapu kidogo cha gugumaji kinaweza kuwa hori nzuri sana.

Hapo namkumbuka Mama Wangari Maathai, mwanamazingira aliyesomeshwa na masista. Alipofariki mwaka 2011 hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, akawekwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na gugumaji. Mama aliyepokea Tuzo ya Amani ya Nobel alipumzishwa ndani ya majani ambayo sisi tunayaruka tukipita. Nikiliweka jeneza lile karibu na hori ya Bethlehemu, haya yananishika kwa mapambo yetu.

Kuhusu mti wa Krismasi, ukipogoa ua wa saipresi tawi lake linatosha. Kuukata mche mzima ili ukauke sebuleni baada ya siku chache ni hasara. Kama uani kuna mwembe au mpera, upambeni huo ulipo, kwa riboni na vitambaa vya kitenge vilivyobaki kwa fundi. Wengine wanapenda kupanda mti siku yenyewe ya Krismasi. Nia ni njema, lakini jua la Januari na Februari hapa kwetu ni kali na mche usiomwagiliwa hufa. Ni afadhali kumpa mtu zawadi ya mche ndani ya mkebe, autunze karibu na mlango, aupande mvua za Machi zikianza. Kwaresima itamkuta bado anaumwagilia.

Vinywaji havina maneno mengi: kreti ya soda za chupa za kioo hurudi dukani, basi. Sahani ndizo zenye kazi. Zamani kila mama alileta za kwake kwenye sherehe, kila moja ina alama ya rangi ya kucha chini ili zisichanganyike, na baada ya kula watu walisuuza pamoja huku wakiimba. Tuliziacha kwa sababu ya uchovu wa kuosha, na uchovu huo ulikuwa wa akina mama peke yao. Safari hii naomba akina baba na vijana wachukue beseni na sabuni. Ni haki, na tena ni huduma. Msiseme haiwezekani. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, nani alidhani angeenda soko la Kibuye na kikapu chake mkononi?

Limebaki la chakula. Baada ya kuwashibisha maelfu, Yesu alisema: "Kusanyeni vipande vilivyobaki, kisipotee kitu cho chote" (Yn 6:12). Aliyeweza kuzidisha mikate hakukubali makombo yatupwe. Maganda ya viazi na ndizi yaende kwenye shimo la mboji, yatalisha sukuma wiki. Ila chapati na pilau vina mwenyewe. Kesho yake ya Krismasi Kanisa humwadhimisha Mtakatifu Stefano, mmoja wa wale saba waliochaguliwa kuhudumu mezani pale wajane walipokuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku (Mdo 6:1-6). Nasi tunao wajane katika jumuiya, na wazee ambao watoto wao hawakupata nauli ya kuja. Kwa hiyo chakula kipakuliwe pembeni mapema, kabla ya wageni kuanza kula, kisafirishwe kwa vyombo vyenye vifuniko. Mwenye vyombo hivyo avilete kwenye sala ya jumuiya juma hili, na mwenye pikipiki ajitolee kuvisambaza.