Kilo Moja ya Klorini

Juzi binti yangu alirudi skuli, nikamvua mkoba, nikanusa klorini mikononi mwake. Masika yameanza, wamerudisha madumu ya kunawia nje ya vyoo. Akaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia nitamweleza baadaye. Baadaye ndiyo hii.

Ni masika ya 2016, mwezi wa Shaaban. Kipindupindu kilikuwa kimeshapiga kambi Unguja tangu mwaka uliotangulia na hakikuonesha dalili ya kuondoka. Vijana wa parokia tulikuwa kumi na moja, tumefundishwa na bwana afya kwa siku mbili namna ya kusafisha visima na kuvitia dawa. Tukapangiwa kijiji kimoja njia ya Mahonda, visima vinne, na cha kwanza ni cha msikitini. Bwana afya alitukabidhi bati moja la klorini ya unga, ile ya asilimia 70, kilo moja kamili. Akasema, "Hili linatosha vyote vinne." Naomba mkumbuke maneno hayo, maana mimi niliyasahau.

Kabla hatujapanda gari katekista alitoa masharti matatu: hakuna fulana ya parokia, hakuna kusali kwa sauti kisimani, hakuna picha. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Padri Evarist Mushi auawe kwa risasi hapa hapa Unguja akienda kusalisha misa, Februari 2013, na watu bado walikuwa wakipima maneno. Katekista hakuitaja habari hiyo. Alisoma Mathayo 6, pale pa mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, akafunga kitabu. "Sala tumalizie hapa hapa. Kule ni kamba na ndoo."

Na kweli ni kamba na ndoo. Wengi wakisikia kutia dawa kisima hudhani ni kumwaga unga ukaondoka zako. Unga unakuja mwisho. Kwanza unateremsha koroboi iliyowashwa mpaka karibu na maji. Ikizimika, hakuna mtu kushuka, hewa ya chini ni mbaya. Pampu ya petroli, kama ipo, inakaa juu na mbali, haiteremshwi kisimani hata siku moja, kwa sababu moshi wa injini hujaa mle ndani na kumuua mtu kabla hajajua amepatwa na nini. Sisi hatukuwa nayo. Tulikomba maji kwa ndoo, tukamfunga mwenzetu kamba kiunoni, akashuka na sepetu kuzoa tope. Tope lazima litoke lote, pamoja na majani na makopo, maana uchafu hula klorini: unatia dawa, dawa inakwisha kwa kupigana na tope, vijidudu vinabaki salama. Tukasugua kuta za mawe kwa brashi ngumu na maji ya dawa. Kisha tukakaa kungoja chemchemi ijaze tena. Alhamisi hiyo ilijaza taratibu mpaka Alasiri.

Kupima ni rahisi. Uzi wenye jiwe unateremshwa mpaka chini, ukiutoa unapima sehemu iliyolowa: mita 2. Uzi mwingine unapitishwa mdomoni mwa kisima, ukuta kwa ukuta: mita 1.5. Hesabu nilipewa mimi kwa kuwa ndiye niliyesifika kwa hisabati. Nikazidisha, nikapata kilo moja na gramu tisa. Bati zima. Nikaona basi, si mbali sana, gramu tisa Mungu atasamehe.

Unga tuliukoroga kama tulivyofundishwa: ndoo ya plastiki, si ya bati, maji kwanza ndipo unga, usigeuze, mbali na mafuta na petroli maana unaweza kuwaka moto. Unaachwa utulie, yale meupe yaliyo juu ndiyo yanayomwagwa kuzunguka kuta, machicha ya chini unayatupa. Halafu unachota na kurudisha, unachota na kurudisha, mpaka dawa ichanganyike. Tulimaliza karibu na Magharibi, tukafunika kisima kwa mabati. Kinalala na dawa kwa muda wa saa kumi na mbili, alfajiri kinakombwa, adhuhuri watu wanatia udhu wa Ijumaa. Ndivyo tulivyomwahidi mzee anayeangalia msikiti.

Alfajiri tukakomba ndoo kama mia hivi. Nikachota kidogo kwenye kichupa cha kupimia, nikatia kidonge. Kidonge hicho hugeuza maji yakawa ya pinki, na pinki ikikolea ndiyo klorini nyingi. Yangu yaliwaka wekundu kwa kufumba na kufumbua, kisha yakawa meupe pe. Nikanyanyua kichupa juu kwenye mwanga. Watu walikuwa wameshakusanyika, akina mama na madumu yao, watoto, mabarobaro waliotoka kuswali Alfajiri. Nikatangaza kwamba maji yako tayari.

Mzee alisogea, akachukua kata, akaipeleka puani badala ya mdomoni. Akaishusha polepole. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, na yangu pia, ila mimi nilikuwa najiambia ni usingizi.

"Mwanangu," akasema, "hiyo chupa yako haina pua."

Nilianza kumweleza habari ya kidonge na rangi. Akanisikiliza kwa adabu yote, kata bado iko mkononi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, "Na visima vitatu vilivyobaki, dawa yake iko wapi?"

Nikaligeukia bati. Lilikuwa limelala kifudifudi kwenye nyasi, tupu, tumelisuuza tayari.

Nilichutama nikachukua kijiti, nikaandika hesabu upya mchangani. Ilinichukua muda mfupi kuliko kusema haya. Kipenyo ni mita 1.5, lakini kinachozidishwa kwa chenyewe ni nusu yake, 0.75. Mimi nilizidisha kipenyo kizima. Kisima kilikuwa na lita kama 3,530, na kwa miligramu 50 za klorini kwa lita, kwa unga wa asilimia 70, kilitaka robo kilo tu. Nilikitia mara nne. Na kichupa hakikunidanganya, ni mimi nisiyekisoma: klorini ikizidi kiasi huiunguza ile rangi yenyewe, ukaona weupe ukadhani hamna kitu. Ule wekundu wa mara moja ndio uliokuwa jibu.

"Shekhe, nimekosea," nikasema. "Nimetia ya visima vyote vinne."

Alitazama mahesabu yangu mchangani kama mtu anayetazama nyayo za mnyama asiyemjua. Akaingia msikitini. Nikadhani amekasirika. Mara kipaza sauti kikakwaruza, na kijiji kizima kikasikia: vijana wa kanisani wamezidisha dawa kisimani, kwa hiyo mwenye ndoo na aje na ndoo, mwenye kamba aje na kamba.

Katekista alifumba macho.

Basi tukakomba. Kisima kizima ni ndoo 353 za lita kumi, na huku chemchemi inajaza chini yako kadiri unavyokomba. Tulivuta kwa zamu, wawili wawili, mmoja wetu na mmoja wao bila ya mtu kupanga. Maji tulipeleka kwa mfereji mpaka njiani, maana ukiyamwaga kwenye migomba unaikausha. Mama mmoja akaleta chai ya mchaichai na mkate wa kumimina. Mimi niliangukia kamba moja na mzee. Akaniuliza mbona hatukuwaambia watu tunatoka kanisani, mbona tumekuja kama wezi. Nikamweleza habari ya mkono wa kushoto.

"Hiyo na sisi tunayo," akasema. "Katika wale saba watakaowekwa kivulini siku ya Kiyama, mmoja ni huyo anayeficha sadaka yake mpaka kushoto kusijue kulia kumetoa nini." Akavuta kamba mikupuo miwili. "Ila wewe, yakhe, kushoto kumeshajua. Ndiko kunakovuta."

Harufu haikwisha kwa wakati. Ijumaa ile udhu ulitiwa kwa maji ya madumu kutoka kisima cha jirani ambacho hatukuwa tumekigusa, na kama ndicho kilichokuwa kichafu kuliko vyote sipendi kufikiri. Cha msikitini kilianza kutumika Jumamosi, pinki hafifu, inayokaa. Hata hivyo mnaoifahamu kazi hii mnajua dawa ya kisima hailindi zaidi ya siku chache. Kamba moja chafu ikiingia mmerudi mlikotoka. Kinachookoa watu ni dawa ndani ya ndoo ya nyumbani, na kisima kuwa na mfuniko.

Tumekwenda kijiji kile mara nyingi baadaye, na hakuna anayekumbuka ule usafi. Wanakumbuka kosa, wanatuita vijana wa dawa kali, na wanatukaribisha kwa jina hilo. Nimejiuliza mara nyingi tulikwenda kwa imani au kwa hamu ya kuonekana kwamba na sisi ni wa hapa. Siku ile nilikuwa na jibu. Sasa sina hakika, wala sina hakika kwamba viwili hivyo vinatenganishika.

Ripoti ya parokia niliandika mwenyewe: kisima 1, dawa kilo 1. Paroko aliisoma, akauliza vile vitatu vimekwenda wapi. Nikamwambia vimo humo humo.