Ziwa likipumzika, na mikopo je?

Leo tumetoka kwenye kikao cha BMU (kikundi cha jamii cha kusimamia uvuvi ufukweni) hapa Kibirizi, Kigoma.

Ajenda ilikuwa maandalizi ya kupumzisha ziwa, yaani kusimamisha uvuvi kwa muda. Mnakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi 4: sisi, Burundi, Kongo na Zambia.

Hoja za doria na leseni za mitumbwi zilipita haraka.

Kisha akasimama mama mmoja mwanika dagaa, magamba bado yamemganda viganjani:

"Lipumzike, dagaa wakue. Ila marejesho ya mkopo wa kikundi hayapumziki."

Tulimshangilia! Katibu akaliandika juu kabisa ya ratiba: kuonana na wakopeshaji mapema. Hapo ndipo tulipaswa kuanzia.

Ndugu wa Kalemie (Kongo), Rumonge (Burundi) na Mpulungu (Zambia), kwenu mmejipangaje?